Jembe Lililobaki Buluk

Nusura nikose kuchumbiwa kwa sababu ya jembe. Si kwa sababu ya tabia, wala ukoo, wala sura, ingawa kuhusu sura kuna watu wa ofisini walikuwa na maoni yao. Jembe tu, la mpini mrefu, lile ambalo watu wa Juba wanaliita maloda. Na kama si mashine moja ya ofisini kwetu, mtaa wa Thongpiny, iliyokataa kuzima wiki hiyo hiyo, nadhani mpaka leo ningekuwa kwa baba yangu mdogo nikisugua sufuria zake.

Mimi nimelelewa Nakuru. Nilirudi Juba miaka ile ya CPA, ule mkataba wa amani, wakati kila mtu aliyeshika cheti kutoka Kenya alionekana mtaalamu wa kitu fulani. Changu kilikuwa cha kompyuta, kwa hiyo katika shirika nililofanyia kazi nilikabidhiwa kila kitu chenye waya, pamoja na pasi ya bosi. Baba yangu alishatangulia mbele ya haki, ndiyo maana nilikaa mtaa wa Buluk kwa mdogo wake, mtu mwenye moyo mzuri, mdomo mrefu, na shamba dogo la bamia nyuma ya nyumba ambalo alilipenda kuliko sisi sote.

Sasa hilo jembe. Kwetu, posa ikiletwa, mshenga halazimiki kusema maneno mengi. Analaza jembe mlangoni. Mkubwa wa nyumba analiokota kwa mkono wake mwenyewe na kuliingiza ndani. Kuliingiza si kukubali, ni kusema tumewasikia, ngojeni. Akikubali, jembe linabaki. Akikataa, analirudisha yeye mwenyewe, na mambo yanaisha. Ni utaratibu rahisi kabisa, hata mtu aliyelelewa Nakuru anaweza kuuelewa.

Miaka miwili kabla ya hiyo wiki, liliwahi kuja jembe kwa ajili yangu. Mposaji mwenyewe alikuwa karani kule bandarini, anayeandika mizigo ya matishari yanapotia nanga. Baba mdogo akaliingiza ndani, na siku chache baadaye bwana akaletwa nimwone. Woi! Alikuja saa saba mchana amevaa koti na tai, Juba, kwenye jua lile, jasho linamtiririka mpaka kwenye soda. Kicheko chake kilianzia puani na kuishia puani. Akaniuliza kuhusu kazi yangu, nikamwambia natengeneza kompyuta. Akafikiri sana, kisha akauliza, "Mashine ikinyamaza tu, haijibu, utajuaje kama imekufa ama inangoja kitu?"

Nikamwambia, "Unaiangalia, kaka." Kisha nikaenda jikoni kucheka. Swali hilo nililisimulia ofisini kwa miaka miwili, tena nikiigiza na sauti ya puani, na watu walikuwa wakiniomba nirudie. Jioni hiyo nilimwambia baba mdogo kwamba yule hapana, hata kwa viboko. Naye, sifa zake apewe, hakunilazimisha. Mshenga alipokuja kuuliza, akamwambia pale pale getini kwamba msichana hataki. Mshenga akageuka akaenda zake. Mimi nikajua yameisha.

Baadaye nikampata wangu. Mganda, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, mtu wa maneno machache na Kiswahili kibovu kuliko vyote nilivyowahi kusikia, na nilimpenda mpaka nikawa naona aibu. "Mimi iko tayari," aliniambia. "Wewe naambia mimi siku, mimi naleta wazee." Akawaleta kutoka Arua, kwao Uganda. Walikuja kwa wiki moja tu, kwa sababu walikuwa na mashamba yao na hawakuipenda Juba hata kidogo. Jumapili mshenga wao akalaza jembe mlangoni kwetu, jipya, linang'aa, na mimi nimejificha nyuma ya pazia nimeshika pumzi.

Baba mdogo akainama kuliokota. Shangazi yangu, ambaye anakumbuka kila jambo lisilomhusu, akamwambia, "Simama hapo. Lile la watu wa bandarini lilirudi?"

"Wale niliwakataa," baba mdogo akajibu.

"Sikukuuliza kama uliwakataa. Nimekuuliza jembe."

Baba mdogo akaangalia angani kama aliyesikia ndege inatua.

"Basi msichana ana mtu," shangazi akasema. "Huwezi kuingiza jembe juu ya jembe."

Lile jembe jipya lilikaa mlangoni mchana kutwa, watu wanalipita pembeni, kuku wanalirukia. Jioni mshenga akalibeba akarudi nalo. Wazee wa Arua wakasema watangoja mpaka Jumapili inayofuata, na baada ya hapo kalas, basi, wanaondoka na jembe lao na hawatarudi. Nililia sana usiku huo, tena kwa hasira. Baba mdogo nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa, yeye akiwa upande wa pili wa ukuta na akinisikia vizuri.

Asubuhi ya Jumatatu nikaenda kazini na macho yamevimba, na saa sita mashine kuu ikagoma.

Hii ndiyo ilikuwa ikigawa mtandao wa setilaiti kwa ofisi nzima, na wiki iliyotangulia nilikuwa nimeifungia kadi mpya ya mtandao. Kadi yoyote inahitaji draiva, yaani programu ndogo inayokifundisha kiini cha mfumo, ule moyo wa mashine, jinsi ya kuongea nayo. Ya hii kadi ilikuja kwenye diski, imeandikwa na mtu nisiyemjua, na ilifanya kazi vizuri asubuhi. Ikifika saa sita, kontena tulilolifanya ofisi likipata joto, kadi inazubaa, draiva inajaribu kuiandikisha upya kwenye kiini, inashindwa. Hapo mtandao unakatika. Ukitaka kuitoa hiyo kadi, au hata kuizima mashine kwa heshima, haikubali. Inakaa pale na kuandika mstari mmoja kila baada ya sekunde kumi: inangoja kadi iachiliwe, wanaoishika ni mmoja.

Mmoja nani? Ndilo lilikuwa swali langu. Hakukuwa na programu yoyote iliyokuwa ikiitumia. Nilizifunga zote, moja moja, mpaka zile ambazo sikujua zinafanya nini. Mstari ukarudi. Mmoja.

Bosi wetu, kawaja, yaani Mzungu, mrefu mwenye kaptula, akachungulia mlangoni. "Imekufa?"

"Haijafa," nikasema. "Inangoja."

"Inangoja nini?"

"Ningejua ningekuwa nimekaa hapa?" Hilo la mwisho nililisema kwa Kiswahili, na kwa tabasamu. Kisha nikachomoa waya wa umeme ukutani. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu siku hiyo, na Jumanne pia, ikifika saa sita nachomoa, na kila nikichomoa watu wa ofisi nzima wanapiga kelele kwa sababu walichokuwa wanatuma kimepotea.

Jumatano nikachoka. Nikafungua ile draiva yenyewe, mistari yake yote, nikaanza kuisoma kuanzia juu. Kazi hii haina ujanja, unasoma tu, kidole kwenye kioo, jasho kwenye shingo. Kiini cha mfumo kina kawaida yake. Anayetaka kutumia kadi lazima kwanza aseme nimeishika, na hesabu inapanda moja. Akimaliza anasema nimeiachilia, na hesabu inashuka moja. Mpaka ifike sifuri, hakuna anayeruhusiwa kuiondoa. Ni kawaida nzuri, maana ukiondoa kitu ambacho mwenzako bado amekishika, atakuja kugusa hewa na mashine nzima itaanguka.

Nikaiona saa nne na nusu. Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika. Yule mwandishi alishika kadi kwanza, hesabu ikapanda. Halafu akaomba kuiandikisha. Ikikubaliwa, sawa, huko mbele ameweka vizuri mstari wa kuiachilia. Lakini ikikataliwa, draiva inatoka nje kwa mlango wa haraka, inasema imeshindikana, inaenda zake. Mkononi bado imeshika. Kichwani mwa yule mtu hesabu ilikuwa safi kabisa: kama uandikishaji umeshindikana, kuna nini cha kurudisha?

"Mjinga wewe!" nikaiambia kompyuta. "Si uliishika kabla ya kukataliwa?"

Na maneno hayo yaliponitoka nikaondoa kidole kwenye kioo, kwa sababu mtu aliyenijia mbele ya macho hakuwa mwandishi wa draiva. Alikuwa baba mdogo, anaangalia angani.

Ningependa kusema nilirekebisha mara moja. Aki hapana. Nilikuwa na haraka na hasira, nikaandika mstari wa kuiachilia kwenye ule mlango wa kushindwa, na ili niwe na uhakika nikauandika tena kule mwisho kabisa, kwenye usafi wa jumla. Saa sita ikafika, kadi ikazubaa, uandikishaji ukashindwa, hesabu ikashuka mpaka sifuri, nikashangilia, kisha ikashuka tena chini ya sifuri. Kioo kikajaa herufi na namba na mashine ikalala chali. Safari hii bosi hakuuliza kama imekufa. Ofisi ilikaa bila mtandao mchana wote, na mimi nilikaa na herufi zangu mpaka nikaelewa kwamba kuachilia mara mbili ni kubaya kuliko kutoachilia. Aliyeshika ndiye aachilie, alichoshika, mara moja. Mtu mwingine asijitie huruma.

Alhamisi nikafuta mstari mmoja nikaacha mmoja. Nikailazimisha kadi ishindwe makusudi, nikichomoa waya wake na kuurudisha, mara ishirini. Kila mara hesabu ikapanda moja, ikashuka moja. Halafu nikaiambia mashine izime. Ikazima kimya, bila mstari hata mmoja. Nilikaa kwenye kontena lile la moto nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Jioni nilimkuta baba mdogo kwenye bamia zake.

"Jembe liko wapi?" nikamuuliza.

"Jembe gani?"

"Baba mdogo."

"Niliwakataa wale watu!" akasema. "Niliwakataa waziwazi, getini, kwa sababu yako wewe! Sikukubali kitu. Nirudishe nini na sikukubali kitu?"

Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja. Maneno yale yale, tena bila kusoma draiva. Nikamwambia, "Uliliingiza ndani kabla ya kukataa. Ndipo hesabu ilipopanda."

"Hesabu gani tena, mwanangu?"

"Jembe liko wapi?"

Akaangalia chini. Alikuwa amelishika. Miaka miwili alikuwa analimia bamia, na chuma chake, ambacho kilikuja na upana wa kiganja kizima, kilikuwa kimeliwa na udongo mpaka kimebaki vidole vitatu. Mpini alishaubadilisha. "Lilikuwa zuri," akasema kwa sauti ndogo. "Halikuwa na mtu wa kulitumia."

Baada ya hapo aibu ikamfanya awe na mipango mingi. Kwanza akataka kununua jipya pale sokoni alipeleke, hakuna atakayejua. Nikasema hapana, lile lile. Kisha akataka mshenga apeleke jipya asubuhi na yeye apeleke lile la zamani jioni, ili heshima iwe mara mbili.

"Mara mbili?" nikapaza sauti. "Nyumba ya msichana ikipeleka jembe ambalo halikuletwa, hiyo inaitwa nini?"

Akafikiri. "Inaitwa kuposa," akakiri.

"Basi unataka nimpose karani?"

"Malesh," akasema, maana hilo ndilo neno lake la kuomba msamaha. Kisha akadai goti linamuuma, hawezi kufika bandarini. Nikamwambia goti atalibeba yeye, jembe nitalibeba mimi, lakini mkono wa kulikabidhi ni wake. Shangazi akasema msichana haendi kwenye nyumba aliyoikataa. Nikamwambia nikimwachia baba mdogo aende peke yake atafika sokoni na kurudi na pilipili. Hilo shangazi hakuweza kulipinga.

Tukaenda Jumamosi asubuhi. Nililifunga jembe kwenye gunia na njia nzima nilikuwa na furaha ya kijinga. Kesho wazee wa Arua wanarudi, nikawaza, kesho mlango uko wazi. Kuhusu karani nilikuwa na mzaha mmoja tu kichwani, nikijiuliza kama bado analowesha soda kwa jasho. Baba mdogo alisimama mara nne njiani kupumzisha lile goti, na mara moja lilikuwa goti la upande mwingine.

Nyumba ya kina karani ilikuwa juu kidogo ya bandari, matishari yanaonekana kati ya mapaa ya mabati. Mama yake alikuwa kibarazani anapepeta mtama. Karani mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na fulana, si koti, amekonda, mvi mbili tatu zimemtoka juu ya masikio. Hatukutarajiwa. Hata hivyo tukaletewa viti na maji, na hakuna aliyeuliza tumefuata nini.

Baba mdogo akalitoa jembe kwenye gunia, akalilaza miguuni pa mama kwa mikono miwili. Alikuwa na hotuba ameiandaa. Akaikunja pamoja na gunia.

Mama akaliinua. Akapitisha dole gumba kwenye kile chuma kilichobaki. "Limefanya kazi," akasema.

"Limefanya, mama," baba mdogo akajibu. "Nisamehe."

Mama hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya chumvi, "Baada yenu tulikwenda nyumba tatu. Kila nyumba wanatuuliza, jembe lenu la kwanza liko wapi? Tunasema liko Buluk. Wanatuambia, basi mke wenu yuko Buluk, mnatafuta nini kwetu?" Akaliweka jembe ukutani. "Msichana wa nyumba ya tatu alikuwa mzuri. Ameshaolewa sasa, yuko Yei."

Nikaweka maji chini. "Si mngekuja kulichukua, mama?" nikasema. "Mngetuma hata mtu."

"Sisi ndio tuliolitoa, binti yangu. Kulidai ni kusema tumejuta kuja kwenu, na hatukujuta. Tulikuwa tunangoja tu."

Miaka miwili nimemcheka yule mtu. Miaka miwili nimeigiza pua yake mbele ya watu wakila chapati, na muda wote huo alikuwa amekwama, kwa sababu ya jembe ambalo mimi nilipita mbele yake kila asubuhi nikienda kuoga. Nililia wiki nzima kwa sababu nimekwama siku saba. Haikunijia hata mara moja kwamba jembe likibaki ndani linafunga nyumba mbili. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Tulipoinuka, baba mdogo na mama wakatangulia getini. Karani akanisindikiza hatua chache, mikono nyuma.

"Bado unatengeneza zile mashine?" akauliza.

"Bado."

"Zinakusumbua?"

"Moja ilinisumbua wiki hii," nikasema. Nikasimama. "Uliniuliza swali siku ile. Kama imekufa ama inangoja."

"Nakumbuka. Ulicheka jikoni. Nilisikia."

"Pole," nikasema. "Hii haikuwa imekufa. Ilikuwa inangoja. Kuna mtu alikuwa ameishika na hakuiachilia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama karani anayehakiki mzigo. "Ikangoja siku ngapi?"

"Siku nne."

Akacheka kile kicheko chake, kutoka puani mpaka puani.

"Nne tu?" akasema.